Mililita za Mama Hazimo Kwenye Faili la Njiti

Fungua faili la mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, katika wodi nyingi za watoto wachanga. Uzito umo, gramu kwa gramu. Joto limo, mapigo ya moyo yamo, oksijeni imo, na kila baada ya saa 2 muuguzi ameandika ni mililita ngapi za maziwa zimepita kwenye mpira wa pua. Choo kimeandikwa, mkojo umeandikwa, tumbo likivimba nalo linaandikwa. Kinachokosekana ni habari za yule anayeyatoa maziwa hayo. Mama amekamua mara ngapi tangu jana? Amepata kiasi gani? Usiku aliamka? Hakuna mahali pa kuyaandika. Maziwa ya mama huingia kwenye faili siku yanapokwisha, kwa maneno mawili, "maziwa hayatoshi", na mstari unaofuata ni wa maziwa ya kopo.

Maneno hayo huandikwa siku ya 10 au ya 12. Kosa lenyewe lilifanyika siku ya 1, ya 2 na ya 3, wakati hakuna aliyekuwa anahesabu.

Mwili wa mama una kalenda yake katika jambo hili. Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni iliyokuwa imeyafungia maziwa miezi yote ya mimba hushuka ghafla, na prolaktini inapata nafasi ya kufanya kazi. Prolaktini hupanda kila titi linaponyonywa au kukamuliwa, kisha hushuka tena. Katika wiki 2 za mwanzo matiti yanajipimia kazi iliyo mbele yao: yakitolewa maziwa mara nyingi, yanajenga uwezo wa kutengeneza mengi; yakiachwa yajae na kukaa, yanaelewa kuwa hakuna mtoto, na yanaanza kufunga. Mtoto aliyetimiza miezi humfanyia mama kazi hiyo bila kuambiwa, maana hulilia titi mara 8 mpaka 12 kwa siku. Aliyezaliwa wiki ya 29 ya mimba hawezi. Kuoanisha kunyonya, kumeza na kupumua hukomaa kuanzia wiki ya 32 hadi ya 34 hivi. Mpaka wakati huo, mikono ya mama ndiyo mdomo wa mtoto.

Na mama mwenyewe mara nyingi ni mgonjwa. Wengi huzaa kabla ya wakati kwa sababu ya shinikizo la damu la mimba, au wamefanyiwa upasuaji, au wamepoteza damu nyingi. Kwao maziwa huchelewa kushuka: badala ya siku ya 2 au ya 3, wanaweza kufika siku ya 4 au ya 5. Ndiyo maana mama wa namna hii angepaswa kuanza kukamua mapema kuliko wengine, na ndiye anayeachwa zaidi, kwa huruma: "mwacheni apumzike". Saa ya kwanza baada ya kuzaa ni bora. Saa ya 6 isipite. Akiwa hajiwezi kitandani, muuguzi au mama yake mzazi anaweza kumkamua kwa ruhusa yake. Hilo ni sehemu ya tiba, sawa na dripu iliyo mkononi.

Kukamua kwenyewe kunahitaji ustadi, na anayeachwa kujifunza peke yake huishia kuivuta chuchu mpaka ichubuke. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kitambaa chenye uvuguvugu juu ya titi dakika chache. Uvuguvugu, si maji ya moto yale ya kukandia mzazi, kwa sababu ngozi ya titi huungua upesi. Papasa titi taratibu kwa vidole, kutoka juu kuja kwenye chuchu. Kisha weka kidole gumba juu na cha shahada chini, mkono ukae kama herufi C, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kurudi nyuma kuelekea mbavu, halafu bana vidole vikutane, halafu achia. Nyuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Vikiteleza ngozi inawaka na maziwa hayatoki. Mkondo ukipungua, zungusha mkono ushike upande mwingine wa titi hilohilo, kwa kuwa vijia vya maziwa vimezunguka pande zote. Dakika 3 hadi 5 titi hili, hamia la pili, rudi la kwanza, mpaka ifike nusu saa hivi. Chuchu yenyewe haina maziwa; kuibana ni sawa na kubana mdomo wa bomba badala ya kufungua koki.

Dakika ya kwanza mara nyingi haitoki kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa yatoke, ina haya ya kiasi: hofu, maumivu na kusemeshwa kwa ukali huizuia. Kumwona mtoto, kumgusa, au hata kunusa kofia yake huileta. Kwa sababu hiyo mahali pazuri pa kukamulia ni kando ya mtoto, au mara tu baada ya kumtoa kifuani, kuliko benchi la korido.

Siku ya kwanza yatatoka matone. Ni dang'a, nayo ni nzito na ya manjano, na mililita 1 au 2 kwa mkamuo mmoja si upungufu. Ukiikamulia kwenye kikombe kikubwa itabaki yote imenata ukutani, kisha mtu atasema hamna kitu. Ikamulie kwenye kijiko kisafi, au inyonye tone kwa tone kutoka kwenye chuchu kwa bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano. Hata mtoto ambaye bado hajaruhusiwa kulishwa anaweza kupakwa mililita 0.1 ndani ya kila shavu, kila baada ya saa 3 au 4. Haimshibishi. Inampa kinga ya mama kinywani, na inampa mama sababu ya kuamka. Bibi anayesema dang'a ni maziwa machafu na imwagwe bado yupo katika koo nyingi, na inafaa aelezwe kwa adabu kabla hajafika kitandani, maana akishatamka mbele ya mzazi aliyechoka, muuguzi atapata taabu kulifuta neno lake.

Sasa hesabu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayoua maziwa mengi kuliko mila zote.

Mtoto wa gramu 1,200 akifikia ulishaji kamili wa mililita 150 kwa kilo anahitaji mililita 180 kwa siku. Akilishwa kila saa 2, hiyo ni mililita 15 kwa mlo. Muuguzi anamwambia mama, "lete 15". Mama anakamua, kikombe kinafika 15, anaacha. Siku zinapita hivyo, mtoto anashiba, uzito unapanda, kila mtu ameridhika. Titi lake nalo limeelewa kuwa kazi yake ni mililita 180 kwa siku. Baada ya mwezi na zaidi mtoto ana kilo 2 na anataka mililita 300. Akikaribia kilo 3 atataka karibu 450. Mama anajaribu kukamua zaidi na hayatoki. Hapo inasemwa maziwa yamekata, au mama ana mawazo, au hali vizuri. Hayakukata. Yalifundishwa kuwa machache.

Lengo sahihi halihusiani na tumbo la mtoto wa leo. Mama wa njiti akamue kama aliyezaa mtoto wa kilo 3: walau mara 8 kwa saa 24, matiti yatoke mpaka yalegee, na ifikapo siku ya 14 awe anapata mililita 500 au zaidi kwa siku. Akifika 750, ana akiba ya kutosha hata mtoto akikua. Akiwa chini ya 350 siku hiyo, anahitaji msaada leo, si kliniki ya wiki ijayo. Kinachozidi mahitaji ya mtoto kiingie kwenye jokofu. Wodi isiyo na jokofu isimwambie mama apunguze. Ni heri yamwagike kuliko titi lifungwe. Neno hilo ni gumu kulisema mahali ambapo kila tone limehenyewa, lakini mwili hauangalii maziwa yalienda wapi. Unaangalia tu kama yametoka.

Saa za kukamua nazo si lazima zifanane kama swala. Mara mbili zikikaribiana kwa saa moja si neno. Hatari ni pengo refu, hasa la usiku. Prolaktini huwa juu zaidi usiku, kwa hiyo mkamuo mmoja kati ya saa 8 na saa 10 za usiku una thamani kubwa, na pengo lolote lisizidi saa 5. Mama anayelala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi matiti yakiwa magumu kama mawe amepoteza zaidi ya usingizi alioupata. Mafundo yanayobaki baada ya usiku kama huo ndiyo mwanzo wa homa, wekundu na, yakipuuzwa, jipu. Ziwa lenye fundo liendelee kukamuliwa. Kuliacha lipumzike ni kulikaribisha jipu.

Pampu ni msaada mzuri kwa anayeipata, lakini siku 3 za kwanza mkono unaishinda, kwa sababu dang'a ni nzito na inapotelea kwenye mashine. Utafiti wa Stanford, Marekani, uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa akina mama wa njiti waliochanganya pampu na kukamua kwa mkono mara nyingi siku hizo za mwanzo walikuja kupata maziwa mengi zaidi wiki zilizofuata. Wenye pampu waangalie mambo mawili. Kwanza faneli, kile kikombe kinachoshika titi: chuchu icheze ndani bila kusuguana na ukuta, na weusi unaoizunguka usivutwe wote kuingia. Pili, kile kipande chembamba cha mpira kwenye vali. Kikichanika kidogo tu, mashine inanguruma vilevile lakini haivuti, na mama anadhani ni yeye. Pampu za kizamani zenye puto la mpira la kubinya ziachwe kabisa, maana maziwa huingia ndani ya puto na hapaoshiki.

Yote haya yanamtaka mama awepo. Na hapa ndipo mfumo unapojipinga. Mama aliyezaa kawaida anapewa ruhusa baada ya siku moja au mbili, jina lake linatoka kwenye orodha ya wagonjwa, na pamoja nalo kitanda na chakula. Mtoto anabaki. Kuanzia saa hiyo yeye ni mgeni, anaingia saa za kulisha na kutoka, mchana anakaa chini ya mti, usiku anapanda daladala au anatandika khanga kwenye korido. Kisha anaulizwa kwa nini maziwa ni machache. Nyumbani nako wanamwita: lazima akandwe, anywe uji wa pilipili manga na mtori, akae ndani mpaka arobaini. Mila hiyo ina hekima yake, kwa sababu ilimpa mzazi chakula, joto na mtu wa kumhudumia. Tatizo ni kwamba inamhudumia kilomita 20 kutoka alipo mtoto. Chakula kinaweza kuletwa kwenye chupa ya chai. Mama mkwe anaweza kumkanda mgongo bafuni mwa wodi. Mtoto hawezi kuletwa nyumbani.

Kwamba kitanda cha mama ni tiba hakuhitaji tena mjadala. Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, njia inayoitwa kangaroo, mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa kuwa mashine za joto hazikutosha. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa ni njia ya maskini, tena ya mtoto aliyekwisha tengemaa. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1.0 hadi chini kidogo ya 1.8. Kundi moja lilianza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, mama akilazwa ndani ya chumba kilekile cha wagonjwa mahututi. Jingine lilisubiri mtoto atulie kwanza. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na 15.7 katika la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata shirika hilo likashauri kangaroo ya saa 8 hadi 24 kwa siku, ianze mapema iwezekanavyo.

Kangaroo ifungwe vizuri, la sivyo haifanyi kazi. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, kifua chake kiguse ngozi ya mama katikati ya matiti. Asimame wima, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande mmoja na shingo imenyooka kidogo. Ikiinama mbele, njia ya hewa inajikunja, na hilo ndilo kosa la kuogopa kuliko yote. Kitenge kikaze kifuani na kilegee tumboni, ukingo wa juu uishie chini ya sikio. Joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Baba, shangazi au bibi anaweza kumbeba hivyohivyo wakati mama anakamua, anaoga au analala, na wodi inayowafukuza wanaume getini inajinyima mikono isiyolipwa mshahara.

Maziwa yakishakamuliwa yana maadui wawili, joto na mafuta kunata. Nje ya jokofu yasizidi saa 4, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari ni vyema yatumike mapema zaidi. Kwenye jokofu la nyuzi 4 yanakaa siku 4, yawe ndani nyuma, si mlangoni. Yaliyogandishwa yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Kila chombo kiandikwe jina, tarehe na saa. Kuhusu mafuta: maziwa yakitulia, malai hupanda juu, na ukiyapitisha kwenye mpira bila kuyazungusha taratibu kwanza, nguvu yote inabaki imenata kwenye bomba. Mtoto asiyeongezeka walau gramu 15 kwa kilo kwa siku, ilhali mama ana maziwa mengi, asikimbiziwe kopo. Tenga maziwa ya dakika za mwanzo, mpe yale ya mwishoni mwa mkamuo ambayo yana mafuta zaidi, upime tena baada ya siku chache. Hii nayo haiwezekani kwa mama aliyefundishwa kukamua 15 na kuacha.

Maziwa ya mama mwingine ndiyo chaguo la pili, kwa sababu kopo huongeza hatari ya utumbo wa njiti kuoza, ugonjwa unaoua haraka. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ina benki ya maziwa tangu 2019: wachangiaji wanapimwa na maziwa yanapashwa moto kwa kipimo. Kuazimana kienyeji kitandani kwa kitanda si sawa na hilo, kwa sababu ya virusi vya ukimwi na homa ya ini. Mama mwenye virusi anayetumia dawa vizuri amkamulie mwanawe, si wa jirani. Pwani na Visiwani kuna swali jingine ambalo wapangaji husahau. Kwa Waislamu, maziwa hujenga undugu unaokataza ndoa, na kwa madhehebu ya Shafi wanayofuata wengi wa pwani, hesabu ni kunyonya mara tano. Benki itakayochanganya maziwa ya wanawake kumi bila majina itakataliwa na familia hizo, na zitakuwa na haki. Daftari la mchangiaji na mpokeaji, likisomwa na pande zote mbili, linalimaliza.

Sheria inasogea. Tanzania, ambako likizo ya uzazi ni siku 84, ilirekebisha sheria za kazi mapema 2025 ili mama wa njiti aongezewe muda mpaka mimba ingetimiza wiki 40. Kenya bado inahesabu miezi 3 ya Sheria ya Ajira ya 2007. Lakini mama ntilie na mkulima wa mihogo hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Kwao likizo ni kitanda na sahani ya wali wodini.

Turudi kwenye faili. Inatosha kuongeza mistari mitatu chini ya chati ya mtoto: mikamuo ya saa 24, jumla ya mililita, na saa ya mkamuo wa usiku. Mama anayejua kuandika ajaze mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kitanda. Asiyejua achore mstari kwa kila mkamuo. Daktari anapopita asubuhi asome mistari hiyo kabla ya kusoma dawa. Mikamuo chini ya 6 siku ya 2: aulizwe ni maumivu, ni umbali au ni kukosa chombo. Siku ya 4 bado ni matone: atazamwe kama kuna kipande cha kondo kilichobaki tumboni, kama damu imepungua mno, kama anabana chuchu badala ya titi. Siku ya 7 kiasi hakijapanda tangu ya 5: aongezewe mikamuo miwili, mmoja wa usiku, na saa za kangaroo. Siku ya 14 chini ya 350: aketi na muuguzi anayejua kukamua, mkono kwa mkono, kabla mtu yeyote hajaandika neno kopo.

Mtoto akifika wiki ya 32 hivi kwa hesabu ya mimba, awekwe kwenye titi lililokwisha kukamuliwa ajifunze kulamba na kunyonya bila kupaliwa, na kikombe kidogo kigusishwe mdomo wake wa chini ayarambe mwenyewe, asimiminiwe. Mistari ya mililita iendelee kujazwa hata hapo, kwa kuwa wiki ya kuhama kutoka mpira kwenda titi mtoto hunyonya kidogo na kusinzia, na mama anayeacha kukamua siku hiyo kwa furaha ya kuona amenyonya hurudi kliniki baada ya siku 10 na mtoto aliyepungua.